Sigurd alimuua Fafnir akiwa amejificha shimoni: je, anastahili kuitwa shujaa?

MsomajiWaKadutu (Bukavu)

Ndugu wasomaji, nawasalimu nyote mlioko Goma, Lubumbashi na kwingineko. Ninaongoza kikao cha usomaji cha vijana hapa Kadutu, na kwa sasa tunapitia visa vya Wanorse, yaani watu wa kale wa Norwei, Uswidi, Denmaki na Aisilandi. Tumefika kwa Sigurd mwana wa Sigmund, ambaye katika nchi hizo aliitwa Muuaji wa Fafnir, kwa kuwa alimuua Fafnir, joka lililokuwa likilalia dhahabu nyingi katika nyika ya Gnitaheidr.

Nilitarajia kwamba tendo hilo lingepokewa kwa shangwe, lakini kijana mmoja alisimama akauliza swali lililogawanya chumba kizima. Alisema kwamba Sigurd hakupigana na joka uso kwa uso: alichimba shimo katika njia ambayo Fafnir aliipita akienda kunywa maji, akajificha humo na upanga wake uitwao Gram, na joka lilipopita juu yake akalichoma chini ya bega la kushoto hadi upanga ukazama wote. Kwa kijana huyo, mtu anayeua namna hiyo ni mviziaji, na mviziaji hastahili kuimbwa. Msichana mmoja akamjibu kuwa nyimbo hutungwa kwa ajili ya mtu aliyewaondolea watu hatari, popote alipokuwa amejificha alipoiondoa. Tangu siku hiyo wana makundi mawili, na hakuna kundi linalokubali kulegea.

Kuna jambo la pili linalotutatiza. Baadhi yao wamesikia kwamba shujaa huyu alioga damu ya joka na ngozi yake ikawa ngumu kama pembe, ilhali wengine hawakuiona habari hiyo popote katika maandishi tuliyo nayo. Naomba wenye kuyajua maandiko haya wanisaidie. Je, Wanorse wenyewe waliona aibu yoyote katika lile shimo? Na habari ya ngozi ngumu imetoka wapi? Ningependa kuwarudia vijana nikiwa na majibu yaliyosimama juu ya maandiko, kwa sababu wanauliza kwa bidii na wanastahili kujibiwa vizuri.

Himbi-Goma (Goma)

Mwalimu, swali la kijana wako ni zito, na habari njema ni kwamba aliyeandika kisa hiki zamani alikwisha kulifikiria.

Nianze na ngozi ngumu, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Habari hiyo ni ya upande wa Wajerumani. Katika utenzi wao uitwao Nibelungenlied, uliotungwa karibu na mwaka 1200, shujaa anaitwa Siegfried. Anaoga damu ya joka, lakini jani moja linamwangukia katikati ya mabega na kuacha sehemu laini, na ni hapo ambapo Hagen anampenyeza mkuki baadaye. Mashairi ya Aisilandi hayampi Sigurd kinga ya namna hiyo. Kwao, joka lilimpatia kitu kingine kabisa. Regin, mfua chuma aliyemlea, alimwomba amwokee moyo wa Fafnir. Sigurd alipougusa ili aone kama umeiva, akaungua, akakitia kidole kinywani, na damu ya moyo ilipofika kwenye ulimi akaanza kuelewa ndege waliokuwa wakizungumza kichakani. Ndege hao walikuwa wakisema kwamba Regin amekusudia kumsaliti. Sigurd akamkata Regin kichwa, akala sehemu ya ule moyo, akaenda kuichukua dhahabu.

Sasa nije kwenye shimo. Kisa kirefu zaidi tulicho nacho ni Saga ya Wavolsunga, yaani hadithi ndefu ya ukoo wa Sigurd, iliyoandikwa Aisilandi katika karne ya 13 na mwandishi asiyetaja jina lake. Katika saga hiyo, wazo la shimo linatoka kwa Regin. Wawili hao wanafika nyikani, Sigurd anaona alama za mburuzo wa joka na jabali lenye urefu wa pima 30 ambalo Fafnir hulala juu yake anapokunywa maji, naye anamwambia Regin waziwazi kwamba mnyama huyo ni mkubwa kuliko alivyoelezwa. Kisha anauliza: itakuwaje nikimwagikiwa na damu yake nikiwa humo shimoni? Regin hajibu. Anasema kwamba haina maana kumshauri mtu anayeogopa kila kitu, halafu yeye mwenyewe anakimbia kwa hofu. Mwonyeshe kijana wako mahali hapo. Shutuma ya uoga imo ndani ya andiko, na mwandishi ameiweka katika kinywa cha mtu anayekimbia.

Baada ya hapo anatokea mzee mwenye ndevu ndefu, ambaye ni mungu Odin aliyejibadilisha, na anasema kwamba ushauri wa shimo moja ni mbaya. Achimbe mashimo kadhaa ili damu ipate pa kutiririkia, na yeye akae katika moja tu. Kwa maoni yangu maana yake iko wazi: Regin alitaka Fafnir, ambaye ni ndugu yake, afe kwa upanga, na kijana afe kwa damu, ili dhahabu ibaki kwake peke yake. Swali la Sigurd juu ya damu lilikuwa swali la mtu mwenye akili anayejiandaa kwa kazi ya hatari. Hata katika misitu yetu, mwindaji aliyechimba shimo katika njia ya nyati hakuambiwa kwamba ni mwoga. Aliambiwa kwamba anajua njia za nyati.

Tena Sigurd hakutoroka baada ya kuchoma. Aliuvuta upanga, mikono ikiwa imelowa damu hadi mabegani, akasimama karibu na joka linalokufa, na mazungumzo yao ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Fafnir anamuuliza yeye ni mwana wa nani, naye mwanzoni analificha jina lake. Shairi liitwalo Fafnismal linaeleza sababu: watu wa kale waliamini kwamba neno la mtu anayekufa lina nguvu nyingi iwapo atamlaani adui yake kwa jina. Lakini Fafnir anapomchokoza, Sigurd anajitaja, yeye na baba yake. Hapo ndipo alipojiweka wazi kuliko mahali pengine popote, na alijua anachokifanya.

Kuhusu aibu, mawe na mbao vinatoa ushahidi mzuri. Huko Ramsund, nchini Uswidi, kuna mwamba uliochongwa karibu na mwaka 1030 kwa agizo la mwanamke aliyeitwa Sigrid, aliyejenga daraja kwa ajili ya roho ya marehemu Holmger. Mwili wa joka ndio unaobeba maandishi hayo, na Sigurd amechongwa akiwa chini yake, akilichoma kutoka chini kwenda juu. Yaani, katika kumbukumbu ya Kikristo ya marehemu mpendwa, familia ilichagua kuonyesha kuvizia kwenyewe. Huko Hylestad, nchini Norwei, kisa hikihiki kilichongwa mwishoni mwa karne ya 12 kwenye miimo ya mlango wa kanisa la mbao, na mbao hizo zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho huko Oslo. Waumini walipita mbele ya Sigurd kila walipoingia kusali. Siamini kwamba wangemweka hapo mtu waliyemwonea aibu.

Mhunzi wa Katuba (Lubumbashi)

Yaya Himbi, nimekusoma kwa makini na nakubaliana nawe kuhusu shimo. Naomba niongeze mambo mawili kutoka huku Katanga, moja la kazi yangu na moja la wazee wangu.

Mimi ni mtu wa chuma, kwa hiyo katika kisa hiki macho yangu yanakwenda kwanza kwenye karakana. Regin alimfulia Sigurd panga mbili, na kila mara Sigurd alipoujaribu upanga kwa kuupiga juu ya fuawe, ulivunjika. Ndipo alipomwendea mama yake, Hjordis, akamwomba vipande vya upanga wa marehemu baba yake. Upanga huo Odin mwenyewe aliuleta zamani, akauchomeka katika mti uliokuwa ndani ya nyumba ya Volsung, baba wa Sigmund, na ni Sigmund pekee aliyeweza kuuchomoa. Na ni Odin huyohuyo aliyeuvunja vitani siku ambayo Sigmund alipaswa kufa. Regin alivifua vile vipande upya. Sigurd akaipiga fuawe, nayo ikapasuka hadi chini. Kisha akaenda mtoni, akaacha nyuzi za sufu zielee na maji zikaugonge upanga, na upanga ukazikata.

Watu wengi wanapita hapo haraka, lakini yeyote aliyewahi kukaa kwenye mvukuto ataelewa kwamba majaribio hayo mawili yanadai mambo yanayopingana. Chuma kinachostahimili pigo la fuawe mara nyingi hakishiki makali membamba, na chenye makali ya kukata sufu inayoelea kwa kawaida kinamenyeka kikipigwa. Mtunzi aliyeyaweka pamoja aliishi karibu na wafua chuma na aliwasikiliza. Kwa hiyo mimi sikubali kwamba Sigurd alishinda kwa kujificha tu. Alikataa kwenda kazini na chombo kibovu, hata pale fundi aliyemlea alipomharakisha.

La pili ni la Waluba. Mfalme Nkongolo, ambaye mapokeo yanamhusisha na upinde wa mvua na nyoka, alimwonea wivu mpwa wake Kalala Ilunga, akaamuru lichimbwe shimo lenye mikuki ndani yake, likafunikwa kwa mkeka katika uwanja wa ngoma, kisha akamwalika mpwa wake aje acheze. Mpiga ngoma wa Kalala Ilunga alimwonya kwa midundo, naye alipoupima mkeka kwa mkuki wake akaligundua shimo, akaruka na kukimbilia kwa baba yake, Mbidi Kiluwe, ng'ambo ya mto Lualaba. Baadaye alirudi na jeshi, na Nkongolo akakatwa kichwa.

Nawaomba vijana wa Kadutu waweke mashimo haya mawili pamoja. Shimo la Nkongolo lilichimbwa chini ya mwaliko, kwa ajili ya mgeni aliye pia mtoto wa dada yake. Hilo ndilo shimo la aibu, na katika nchi ya Waluba hakuna anayelisifu. Shimo la Sigurd lilichimbwa katika njia ya adui ambaye hakualikwa popote na hakuahidiwa lolote. Tena katika visa vyote viwili anayeokoka ni yule mwenye sikio: mmoja alisikia ngoma, mwingine alisikia ndege, na wote wawili walisikia wakati ambapo mtu wa nyumbani kwao alikuwa akiwatafutia kifo.

MsomajiWaKadutu (Bukavu)

Asanteni sana. Papa Mhunzi, habari ya Kalala Ilunga nitaisimulia kikaoni bila kukosa, maana kati ya vijana wangu wapo wenye ndugu huko Kamina na Kabongo ambao watafurahi kuisikia.

Hata hivyo, yule kijana wa kwanza amekwisha kusoma majibu yenu na hakunyamaza. Anasema kwamba mfano wa nyati haumtoshi, kwa sababu Fafnir si nyati. Fafnir anaongea, ana baba, ana ndugu. Kama ni mtu, basi kumvizia ni kuua mtu, na hoja ya mwindaji inaanguka. Nimeona kwamba ana haki ya kuuliza hivyo, na sitaki kumzima.

MamaWaWalikale (Goma)

Mwalimu, mpe pongezi kijana huyo kwa niaba yangu, kwa sababu ameingia mahali ambapo kisa chenyewe kinaanzia.

Fafnir hakuzaliwa akiwa joka. Alikuwa mwana wa Hreidmar, na ndugu zake walikuwa Regin na Otr. Otr alikuwa na desturi ya kujigeuza fisi maji na kuvua samaki katika maporomoko. Siku moja miungu watatu, Odin, Hoenir na Loki, walipita hapo; Loki akamrushia jiwe akamuua, wakamchuna ngozi, na jioni wakaomba malazi katika nyumba ya baba yake huku wakionyesha ngozi ile kwa fahari. Hreidmar na wanawe wakawakamata, wakadai fidia ya damu: ngozi ijazwe dhahabu ndani na ifunikwe dhahabu nje. Loki alikwenda kumkamata Andvari, kibeti aliyeishi majini katika umbo la samaki, akamnyang'anya dhahabu yote pamoja na pete yake ya mwisho, na Andvari akailaani mali hiyo kwamba itamuua kila atakayeimiliki. Fidia ilipolipwa, unywele mmoja wa sharubu za fisi maji ulikuwa bado unaonekana, na Odin akalazimika kuufunika kwa ile pete.

Wana waliomba sehemu yao, na Hreidmar akawanyima. Fafnir akamuua baba yake usingizini, akamfukuza Regin bila kumpa chochote, akaenda nyikani, akalala juu ya dhahabu akiwa joka. Hivyo, Mwalimu, dhahabu ile ilikuwa malipo ya damu ya mtoto aliyeuawa, na ndugu wa marehemu ndiye aliyeikalia akawazuia jamaa wote. Sisi wa Kivu tunazijua kesi za fidia ambayo mmoja katika familia anaikalia peke yake, na tunajua kwamba wazee huziogopa kesi hizo kuliko mauaji yaliyozianzisha.

Wapo pia wasichana wawili ambao karibu kila msimulizi anawasahau, nao ni Lyngheid na Lofnheid, mabinti wa Hreidmar. Shairi liitwalo Reginsmal linasema kwamba baba aliyekuwa akifa aliwaita, na Lyngheid akajibu kwamba ni wanawake wachache ambao, hata baba akiuawa, wangelipiza kisasi juu ya kaka yao. Tangu hapo dhahabu inapita kwa Fafnir, kwa Sigurd, kwa ndugu wa mke wa Sigurd, na mabinti wale hawapewi hata chembe. Mimi huwasimulia wasichana sehemu hii polepole.

Sasa nije kwa Mwindo, maana nimetoka kwa Wanyanga, na kisa chetu kinalijibu swali la kijana wako kwa namna ambayo Wanorse hawakuitumia. Utendi wa Mwindo ulisimuliwa kwa siku kadhaa na msimulizi She-Karisi Rureke mwaka 1956, ukachapishwa mwaka 1969 kwa juhudi za Daniel Biebuyck pamoja na Mnyanga mwenzetu Kahombo Mateene. Karibu na mwisho, Mwindo, ambaye wakati huo amekwisha kuwa chifu, anawatuma Watwa wakamwindie nguruwe, na msituni wanakutana na Kirimu, joka lenye vichwa saba, ambalo linawameza. Mwindo anakwenda mwenyewe, analiua, na nyama yake inaliwa na watu wote. Lakini harufu ya nyama hiyo inamfikia Nkuba, mwenye radi, ambaye alikuwa rafiki wa Kirimu. Nkuba anashuka, anamchukua Mwindo hadi angani, na huko shujaa wetu anakaa mwaka mzima akiteswa na baridi, mvua na jua, akifundishwa kwamba ushujaa wake haumpi ruhusa ya kuua anavyotaka. Anarudi duniani akiwa amekatazwa kuua mnyama tena.

Tazameni tofauti. Kirimu aliwameza watu, na kumuua kulikuwa na sababu nzuri kuliko ile ya Sigurd, ambaye hakutendewa ubaya wowote na Fafnir. Pamoja na hayo, Wanyanga walimtafutia Kirimu mtu wa kumlilia. Fafnir hakuwa na Nkuba. Aliyepaswa kumlilia ni Regin, na Regin alikunywa damu yake kisha akaagiza moyo wake uokwe. Saga inasema kwamba Regin alisimama muda mrefu akiitazama ardhi, kisha kwa uchungu akamwambia Sigurd, umemuua ndugu yangu, na mimi mwenyewe sina mikono safi katika tendo hili. Kwa hiyo nakubali maneno ya kijana wako: ni mauaji ya mtu, na andiko lenyewe limekiri. Ukubwa wa Sigurd upo, lakini umejengwa juu ya deni la familia ambayo haikuwa yake, na alilichukua deni hilo siku alipoipakia dhahabu katika masanduku mawili juu ya farasi wake Grani.

Mhunzi wa Katuba (Lubumbashi)

Mama, maneno yako kuhusu Mwindo nimeyapokea kwa heshima. Kuna sehemu moja tu nisiyoweza kuipitisha. Tunapofundisha vijana kwamba dhahabu ya Andvari ndiyo iliyoua, wanaondoka wakiamini kwamba madini yana roho mbaya. Huku kwetu watu wanachimba shaba, huko Kamituga wanachimba dhahabu, na wengi wao wanatafuta karo ya shule na chakula cha watoto. Hakuna laana ndani ya jiwe.

Kisa chenyewe kinaniunga mkono, kwa sababu Sigurd alijua kila kitu mapema. Alikwenda kwa mjomba wake Gripir, mwenye kuona yajayo, akambana mpaka akamwambia yote hadi kifo chake, na waliachana kwa kukubaliana kwamba hakuna anayeweza kushindana na majaliwa. Fafnir naye alimwonya kwamba dhahabu ingemuua, na Sigurd akajibu kwamba kila mtu hutaka kuwa na mali hadi siku ile moja, kwa kuwa kila mtu atakufa siku moja. Aliyemuua ni shemeji zake waliokula naye kiapo cha udugu. Gunnar na Hogni walichanganya damu na Sigurd, halafu wakaipangia njama damu hiyohiyo.

MamaWaWalikale (Goma)

Baba, tuko karibu kuliko unavyodhani. Mimi sisemi kwamba jiwe lina roho. Nasema kwamba katika kisa hiki laana inafanya kazi kupitia watu wa nyumba moja: baba dhidi ya wana, mwana dhidi ya baba, ndugu dhidi ya ndugu, shemeji dhidi ya shemeji. Andvari hakuhitaji kufanya lolote zaidi baada ya kusema.

MsomajiWaKadutu (Bukavu)

Nawashukuru nyote. Nimebakiwa na swali moja la kazi. Nataka kumalizia kikao kwa kusoma kifo cha Sigurd kwa sauti, lakini maandishi niliyo nayo hayapatani. Mahali pengine anauawa kitandani, mahali pengine porini. Niwasomee lipi?

Himbi-Goma (Goma)

Mwalimu, kutopatana huko ni kwa zamani sana. Mashairi ya Sigurd yamehifadhiwa zaidi katika kitabu kimoja cha ngozi kilichonakiliwa Aisilandi karibu na mwaka 1270, ambacho kilipelekwa kwa mfalme wa Denmaki mwaka 1662 na kurudishwa Aisilandi mwaka 1971. Katikati yake zinakosekana karatasi nane, na zimekosekana mahali pabaya kabisa, baada ya Sigurd kumwamsha mwanamke shujaa aliyelala mlimani akiwa amevaa deraya. Ndiyo maana mambo mengi ya Sigurd na Brynhild tunayapata kutoka kwa Saga ya Wavolsunga, ambayo mwandishi wake aliyasoma mashairi hayo kabla hayajapotea: jinsi Grimhild, mama wa Gunnar, alivyomnywesha Sigurd kinywaji cha kumsahaulisha Brynhild akamwoa Gudrun, dada wa Gunnar, jinsi alivyovuka moto akiwa na sura ya Gunnar ili amposee shemeji yake mwanamke huyohuyo, akalala naye upanga ukiwa katikati yao, na jinsi siri ilivyofichuka siku wake wawili walipogombana mtoni wakioga nywele.

Kuhusu kifo, mnakili wa kitabu kile aliandika maelezo ambayo ningependa uyasome kikaoni kabla ya kisa chenyewe. Anasema kwamba wapo wanaosimulia kuwa Sigurd aliuawa nje, na wapo wanaosema aliuawa ndani ya nyumba, kitandani, akiwa amelala. Watu wa Ujerumani wanasema aliuawa msituni. Na shairi la kale la Gudrun linasema aliuawa akiwa njiani kwenda kwenye baraza. Kisha anaongeza kwamba wote wanakubaliana katika jambo moja, kuwa walimsaliti na kumshambulia akiwa amelala chini na hakujiandaa. Mtu huyo wa karne ya 13 alikuwa na masimulizi manne mbele yake, hakulifuta hata moja, na alijua lipi ndilo lisiloweza kubadilishwa.

Kwa sauti, msomee kifo cha kitandani kutoka kwenye saga. Gunnar na Hogni wamefungwa na kiapo, kwa hiyo wanamtumia mdogo wao Guttorm, ambaye hakuapa, nao wanamlisha nyama ya nyoka na ya mbwa mwitu ili apate ukali. Guttorm anaingia chumbani asubuhi, anakutana na macho ya Sigurd, anarudi nyuma. Anaingia mara ya pili, anarudi tena. Mara ya tatu Sigurd amelala, na hapo anamchoma. Sigurd anaamka, anamrushia Gram akiwa anakimbia mlangoni, na upanga unamkata vipande viwili. Gudrun anaamka akiwa amelowa damu ya mume wake. Soma mpaka hapo, kisha mwachie yule kijana wa kwanza nafasi ya kuzungumza, kwa sababu mviziaji aliyekuwa akimtafuta tangu mwanzo ni Guttorm, na nadhani atakuwa na mengi ya kusema juu ya wale waliomtuma.